Jani la Isale la Kocha Wangu

Nianze na hili, maana wapo wanaosema nimelitunga: kocha wangu hakutaka kunifundisha mieleka. Alinikataa mchana kweupe, mbele ya wavulana, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nayasema haya mimi ninayempenda kuliko wengi waliojiliza msibani kwake.

Alikuwa bingwa. Ujana wake wote ulikwisha kwenye mieleka, akavuka mipaka ya nchi, akarudi na medali ambazo mkewe alizifungia kwenye kopo la biskuti ili panya wasitafune riboni zake. Mwili ulipochoka akawa kocha wa chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya Moshi, upande wa Shirimatunda. Chuo hakikuwa na mkeka wa mieleka. Akaenda kiwandani kuomba maganda ya kahawa, akayashindilia kwenye magunia, akayapanga kwenye stoo ya zamani na kuyafunika kwa turubai alilopewa na Kalasinga mmoja mwenye duka la vipuri mjini. Midomo ya magunia aliifunga kwa fundo lake mwenyewe, kamba inazungushwa mara mbili na kurudishwa chini, na hakuna aliyefundishwa kumkamata mtu kabla hajaliweza fundo hilo. Ukianguka pale, unanuka kahawa mpaka kesho yake.

Mimi ni wa Mwika. Nimekua nikipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kwa hiyo shingo yangu si ya kuchezea. Mwaka wa kwanza nilimwomba aniandikishe, akaniambia nikacheze netiboli. Wiki iliyofuata akanijibu vilevile. Mara ya tatu sikuomba. Nilivua viatu, nikaingia kwenye turubai, nikamkamata kiuno mvulana aliyekuwa karibu na kumbwaga chali. Kocha akanishika mkono na kunitoa nje kama kuku aliyeingia jikoni, akasema kila mtu asikie kwamba msichana anayegaragazana na wanaume amekosa wa kumlea. Amekosa wa kumlea! Mimi, ambaye baba na mama walikuwa hai, wanachuma kahawa yao kwa jasho. Nililia siku hiyo, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira tupu.

Basi nikaanzisha yangu. Nyuma ya bweni tulirundika majani makavu ya mgomba, wasichana watano, tukafundishana yale tuliyoyachungulia dirishani kwa kocha. Tulifanya hovyo, kusema kweli, na mmoja wetu aliteguka bega. Baadaye ndipo nilijua kwamba kocha alikuwa akipita njia ya jikoni kila jioni, anasimama, anatutazama. Alifanya hivyo muhula mzima.

Likizo ilipofika, nikiwa kihambani, shamba letu la nyumbani, nakata majani chini ya migomba, mama akaniita kwamba nina mgeni. Nikamkuta kocha amekaa na baba kwenye benchi, pombe yake ya mbege hajaigusa, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu mlimani masale ndiyo tunayopanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, anakuomba msamaha, na humkatalii hata kama alikuumiza vipi. Ni jambo la watu wazima. Baba akanyoosha mkono alipokee, akidhani amekosewa bila kujua. Kocha akalivuta kifuani.

"Hili si lako, mzee mwenzangu," akasema. "Ni la binti."

Akasimama, mtu wa umri wake, mbele yangu mimi mwenye vipande vya majani kichwani. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia yamekwisha, na nilimaanisha. Akauliza bega la mwenzetu linaendeleaje. Akasema shida yetu ni kwamba hatujui kuanguka, na chuo kikifunguliwa twende wote watano, tuanze na hilo. Tulianguka miezi miwili mfululizo kabla hajaturuhusu kumgusa mtu.

Nikahitimu, nikaajiriwa palepale chuoni, nikawa msaidizi wake. Alipostaafu alinikabidhi ufunguo wa stoo. Mwaka jana akafariki, tukamzika kihambani kwake. Wasifu ulipokuwa unasomwa nikasikia kwamba alilea vijana wa kiume. Wa kiume tu. Moyo ulinichoma, lakini nikasema acha, leo ni msiba.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Wanafunzi wake wa zamani, sasa wanaume wenye vyeo na vitambi, wakaunda kamati ya kumuenzi. Stoo itakarabatiwa, itapewa jina lake, na itakuwa ya wavulana, kama eti yeye mwenyewe alivyotaka. Wasichana wangu warudi uwanja wa netiboli. Wenyewe waliita kulinda heshima ya marehemu. Barua ikaja kuniagiza nikabidhi ufunguo. Thubutu! Nikanunua kufuli la pili, mazoezi yakaendelea. Ndipo wakaniita kikaoni nikajieleze.

Mwenyekiti wao, na hapa ndipo penye utamu, ni yuleyule niliyembwaga chali. Niliingia, nikawaamkia wa kuamkiwa shikamoo, nikatoa kwenye mkoba lile jani, sasa kavu na la kahawia, fundo lake bado limekaza. Nikaliweka mezani.

Nyuso zote zikalainika. Ni watu wa mlimani wale, hakuna aliyehitaji maelezo. Kabla sijafungua mdomo mwenyekiti alikwisha kulipokea kwa mikono miwili. Akasema kamati imenisamehe, nimeonyesha nimelelewa, ufunguo nimwachie katibu. Aisee, nusura nicheke. Wanaume wazima, isale wamelijua tangu utoto, na hakuna aliyejiuliza mbona jani limekauka hivyo.

"Lishike taratibu, mwenyekiti, lisivunjike," nikamwambia. "Sikulileta kuwaomba msamaha. Kocha ndiye aliyelileta kwetu Mwika, kuniomba mimi, kwa yale aliyonitamkia siku niliyokubwaga."

Mmoja akaguna kwamba jani kila mtu anaweza kuchuma. Nilikuwa namtazama mwenyekiti. Alikuwa amelisogeza karibu na macho, kidole gumba kinafuata fundo: mara mbili, kisha chini. Alifunga magunia mangapi kwa fundo lile! Wenzake nao wakainama kuangalia.

Akaliweka mezani polepole. Habari ya ufunguo hakuirudia.

"Na wewe ukamsamehe?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Siku ileile," nikamjibu. "Yeye aliniletea jani. Ninyi mmeniletea barua."

Nikalichukua jani langu, nikatoka. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na wasichana walikuwa wameshavua viatu, wananisubiri mlangoni niwafungulie.