Mbegu za Mama Nilizozikausha

Siku trei zilipofunuliwa tulikuwa wanne chumbani: shangazi yetu, aliyepanda basi kutoka kaskazini kuja kuona mbegu zake, mdogo wangu anayenifuata, anayefanya kazi katika chumba kile cha utafiti, mama mmoja fundi wa maabara anayesaidiana naye, na mimi. Kitinda mimba wetu alikuwa shuleni, na nashukuru hakuwepo.

Shangazi alikuwa amechangamka. Alizunguka meza akitazama maharage yaliyolazwa juu ya karatasi zilizoloweshwa maji na kufunikwa kwa karatasi nyingine.

"Kumbe huku mnayalaza kitandani, na shuka juu," alisema. "Sisi kule tunayatupa tu ardhini, yajitegemee."

Fundi akamjibu kwamba wagonjwa wa pale wanalala vizuri kuliko wauguzi wao. Tukacheka.

Maharage yale yalikuwa ya mama yetu. Ni madogo, meupe kama maziwa, yenye mchirizi mweusi kuzunguka jicho. Baba alikuwa askari, tukakulia kambini, na mama aliyapanda kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba za askari. Alipougua, kabla hajafariki, alimkabidhi shangazi mbegu. Baba naye alipokufa nikaacha shule nikatafuta kazi, wadogo zangu wasome. Miaka yote hiyo shangazi aliendelea kuyapanda na kuweka mbegu kila baada ya mavuno. Ila misimu ya karibuni mashimo mengi yalibaki matupu. Mdogo wangu akamweleza kwamba wana mashine inayopitisha hewa yenye umeme juu ya mbegu, ili ganda linywe maji upesi na mbegu iamke. Shangazi akatuazima mfuko mzima, mbegu zote alizokuwa nazo. Za kujaribia zingekuwa chache. Nyingine zingepitishwa kwenye mashine na kumrudia kabla ya mvua za kupanda.

Nasema alituazima kwa sababu kwetu mbegu haiuzwi kati ya ndugu. Unaipokea, unapanda, na ukivuna unarudisha mbegu ileile, na kidogo cha juu.

Mfuko ulifikia kwangu, kwa kuwa nafanya kazi katika ghala la nafaka mtaa wa Kisenyi, karibu na stendi ya mabasi. Mdogo wangu alinipigia simu akaniambia niupeleke kama ulivyo, nisiuguse. Nilimsikia vizuri. Lakini nilipoufungua nikakuta vumbi, makapi, na fukusi wakitambaa. Nikaona aibu.

Tangu nilipoacha shule nimewalea wale wawili kwa sheria moja: hakuna anayetoka nyumbani kwetu Luzira akiwa mchafu, watu wasije wakasema hawana mama. Nilifua sare, nikapiga pasi ya makaa, nikakagua kucha mlangoni. Sasa maharage ya mama yalikuwa yanakwenda mbele ya wasomi, nami nikayafanyia nilichozoea kuwafanyia wadogo zangu. Niliyapepeta na kuyachambua. Kwa kuwa mvua ilikuwa hainyamazi, niliyamwaga kwenye kikaushio cha ghala, lile pipa kubwa la chuma linalopashwa moto kwa makaa, ambalo tunakaushia maharage ya kuuza. Yalitoka yakilia kama changarawe, fukusi wote wamekufa.

Chumba cha mdogo wangu kina pia kamera ya kupima ubora wa chakula. Inapiga picha kwa mwanga ambao jicho haliuoni, na kuonyesha punje iliyotobolewa ndani au iliyoanza ukungu. Siku nilipoyapeleka maharage aliyapitisha hapo kwanza, na skrini ikawa ya kijani karibu yote, maana yake ni chakula safi. Fundi akasema hajawahi kuona maharage safi hivyo kutoka kijijini. Kichwa kilinivimba. Habari ya kikaushio sikuitaja. Hakuna aliyeuliza, na kwangu ilikuwa kama mtu kutangaza kwamba ameoga kabla ya kuja.

Basi siku ile, mbele ya shangazi, mdogo wangu alifunua trei ya kwanza, ya maharage yaliyopita kwenye mashine. Harufu ilitufikia kabla hatujaona. Yalikuwa yamevimba, yanateleza, yamegeuka kijivu. Moja moja, mbali mbali, lilikuwa na kimzizi.

"Mashine yenu imeyapika," shangazi alisema taratibu.

Mdogo wangu hakubisha. Alisema huenda aliyaacha mashineni muda mrefu mno, akamwomba shangazi radhi, na sauti yake ikawa ndogo. Kisha akafunua trei ya pili, ya maharage ambayo hayakupita mashineni kabisa, yaliyowekwa kwa ajili ya kulinganisha. Nayo yalikuwa yameoza vilevile.

Alibaki ameshika ukingo wa trei. Kisha akanigeukia, na sauti aliyoitumia ilikuwa yangu, ile niliyokuwa nikimhojia nayo kalamu inapopotea.

"Kaka, uliyafanya nini?"

Nikamwambia.

"Mfuko wote?"

"Wote."

Alivuta kigoda akamkalisha shangazi, akamweleza kwamba ndani ya kila punje kuna kiini kinachopumua, na moto ule unakiua bila kuharibu chakula. Kamera haikukosea, iliona chakula kizuri, na kweli kilikuwa chakula kizuri. Nikauliza kama yaliyobaki mfukoni hayawezi kupitishwa tena mashineni.

"Mashine inaamsha, kaka. Haifufui."

Nikamwambia shangazi nitampa gunia kutoka ghalani, achague aina anayoitaka.

"Hayo nitayakula, mwanangu," alisema. "Nitapanda nini?"

Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekula tangu asubuhi, na hapo ndipo niliposhindwa kumtazama.

Fundi alichukua kibano, akaokota yale yenye vimizizi, akayapanda kwenye vikombe vyenye udongo. Yote pamoja yangeenea kwenye kiganja. Miche ilipopata nguvu niliihamishia nyuma ya nyumba, Luzira. Baadhi ilikufa. Iliyobaki ilinipa maharage yasiyojaza kikombe cha chai. Msimu huo shangazi alipanda mbegu aliyoazima kwa jirani, aina nyingine, na sasa naye anadaiwa.

Kitinda mimba wetu, aliyekuwa mchanga mama alipofariki, aliniomba tupike machache tu, ajue mama alikuwa akila nini. Nilimkatalia, nikamwambia si yetu. Aliinuka akaosha vyombo, na mimi nilikaa pale pale nikimsikiliza.

Nimeyarudisha yote ardhini. Shangazi hupiga simu, huuliza habari za wadogo zangu na za kazi, maharage hayaulizii. Mimi ndiye humwambia yalipofikia. Juzi nilimwambia yametoa maua, akasema vizuri. Hata yakizaa yote, hayatafika nusu ya mfuko wake, na mvua za kupanda kwake zimekaribia tena.