Cheni, Gunia na Mama Mkwe

Cheni ya piki piki haikatiki ghafla. Hulalamika miezi mingi kwanza, ila mwenyewe huona afadhali kusema ni kelele za barabara.

Yangu ilikuwa piki piki ya Kijapani ya mkono wa tatu, na miaka ile ya sabini hakuna aliyeuliza mikono miwili ya kwanza ilikuwa ya nani. Niliinunua Arua baada ya kubishana kutwa nzima, nikaondoka nikiamini nimempunja muuzaji. Nilipofika nyumbani Oli, mtaa wa pale pale Arua, na kuichungulia mara ya pili, nikaanza kufikiri kwamba muuzaji naye alikuwa amekwenda kwake akicheka.

Maduka ya Wahindi yalikuwa yameshafungwa, wenyewe wamefukuzwa Uganda, na waliopewa maduka hayo waliuza spea mpaka rafu zikabaki na vumbi. Cheni mpya ilipatikana Oraba tu, mpakani, kwa watu waliokuwa wakivuka kutoka Kaya ya Sudan na mizigo isiyopenda maswali, kwa bei ya kumfanya mtu aitazame miguu yake na kukumbuka kwamba nayo inatembea.

Basi niliitunza niliyokuwa nayo. Kila Ijumaa baada ya swala niliivua, nikaisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nikaianika, halafu nikaitia oili tone tone kwenye kila pingili, upande wa ndani, kwa sababu cheni ikizunguka yenyewe huisukuma oili kwenda nje. Nikimaliza, nilirudia kuhesabu pingili, kama kwamba kuna mtu angeniibia moja. Wenzangu waliobeba mizigo ya Koboko walizipaka zao grisi nzito, kama mtu anayepaka mkate siagi ya mwenzake. Vumbi jekundu lilinasa humo likawa msasa. Cheni zao zilipendeza huku zinajisaga.

Lakini utunzaji haurudishi ujana. Fundi wangu wa pale Oli aliishika cheni yangu siku moja, akailaza kwa ubavu na kuinyoosha mikononi. Ikapinda katikati, ikaning'inia.

"Tajiri, ona. Cheni mzima nasimama kama mbao. Hii yako iko nalala kama nyoka amekula panya."

"Toa pingili mbili, itakaza."

"Nitatoa. Lakini kila pini iko nalegea. Nikitoa mbili, zile zingine zote bado iko pale, nalegea tu."

"Wewe toa."

Akatoa, akaunga palipobaki kwa pini aliyoigonga kwa nyundo juu ya jiwe. Cheni ikakaza. Nikaivuta kwa kidole nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma, pale inapokumbatia meno, ikanyanyuka nikaona nusu ya jino. Cheni isiyochakaa hainyanyuki hapo. Nikaiachia, nikasema ni kidole changu kina nguvu.

Mambo yalikuwa hivyo mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Yeye ni mtu wa Kuluba, nje ya Koboko, na kwao mtoto wa kwanza hazaliwi bila mama wa mwanamke kuwepo. Jioni moja uchungu ulianza kidogo kidogo. Wanawake wa jirani wakamkanda, wakamwambia utachukua muda, ni wa kwanza huyu. Mke wangu akaniita mlangoni.

"Bila mama, mimi sizai."

"Mtoto atakungoja?"

"Mimi nitamshika. Wewe nenda."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameogopa, na mimi sikuwahi kumwona ameogopa kitu, hata bei ya sukari.

Shida ni kwamba kwa watu wake mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawatazamani usoni, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Sasa huyo mama nilipaswa kumpakia nyuma yangu toka Kuluba mpaka Arua. Kwa heshima, jioni ile nilifanya nilichoweza: niliiosha piki piki yote, nikalegeza nati za ekseli, nikavuta gurudumu nyuma, nikaikaza cheni mpaka ikawa kama uzi wa kupimia ukuta. Mgeni mkubwa hapandishwi kwenye cheni inayoning'inia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nayo piki piki imesimama pale tupu, bila mtu juu yake.

Usiku barabara ile haikuwa ya kuendea; alfajiri niliondoka, na jua lilipochomoza vizuri nilikuwa Kuluba. Mama mkwe alikuwa tayari. Alipoiona piki piki alirudi ndani, akatoka na gunia la unga wa muhogo. Baba mkwe akalisimamisha katikati ya kiti, mama akapanda nyuma ya gunia, juu ya keria, mbali kabisa na mimi. Heshima ikatimia. Baba mkwe akatuzunguka, akaridhika.

Piki piki haikuridhika. Uzito wote ulikuwa umekaa nyuma ya ekseli, springi zikashuka, gurudumu likapanda. Mtu yeyote wa cheni anajua: mzigo ukiikandamiza piki piki nyuma, cheni hukazika zaidi. Ndiyo maana huachwa ilegee kidogo, na hupimwa piki piki ikiwa na mtu juu. Yangu haikuwa na pa kulegea. Tulipoipita Koboko ilikuwa inalia, na mimi siwezi kugeuka na kusema, "Mama, sogea mbele."

Sauti ikatoka nyuma ya gunia.

"Piki piki, wewe! Ambia bwana yako, iko kitu nalia chini yangu kama kuku nashikwa."

Nikakohoa, nikaliambia tangi la petroli:

"Piki piki, ambia mama iko sawa."

"Piki piki, ambia yeye mimi nasikia na masikio yangu, hapana ya yeye."

Kwenye mlima upande wa Maracha ikakatika. Injini ikapiga kelele ya uhuru, gurudumu likakata tamaa, na cheni ikalala barabarani nyuma yetu. Bahati yetu haikujizungusha kwenye gurudumu, la sivyo tungelala nayo. Ilikatika pale pale pa jiwe na nyundo.

Nilikuwa na msumari, nyundo, na kiungo kimoja cha klipu nilichokiweka mfukoni kwa miezi. Nikachuchumaa. Mama mkwe alisimama kando, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, akatazama njia ya Arua. Nilitoa pingili mbovu na jirani yake, nikasogeza gurudumu mbele, nikafunga klipu, upande uliofungwa ukitangulia mwendo. Nikaipima mara mbili. Ilikuwa fupi sasa. Mtu akikaa tena juu ya keria itakatika tena, na klipu nyingine sina. Na meno ya sproketi, nilipoyatazama kwa jua la asubuhi, yalikuwa yameinama kama kucha za kuku.

Nikainuka, nikaegemea usukani.

"Piki piki," nikasema, "ambia mama uzito ije mbele. Gunia ishuke."

Mwanamke aliyekuwa akilima shamba la pembeni alikuwa ameacha jembe zamani, anasikiliza.

"Na kama ishuke," mama akauliza, "mimi nakaa wapi?"

Nikakipangusa kiti kwa mkono wa shati, pale nyuma yangu.

Mama mkwe akatazama tena njia ya Arua. Sijui aliona nini huko. Mimi nilimwona mke wangu mlangoni. Kisha akalikamata gunia mwenyewe, akaliburuta mpaka kwa yule mkulima.

"Mama, wekea mimi hii. Mutu atakuja kuchukua."

"Nitaweka. Lakini nyinyi? Si huyu ni mkwe wako?"

"Ndiyo yeye."

"Juu ya kiti moja? Ee! Leo mimi naona mambo!"

"Ona vizuri," mama mkwe akasema, "upate ya kusema sokoni."

Akapanda. Alikaa karibu, akashika shati langu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nguo iliyolowa. Tulikwenda polepole. Penye mlima cheni iliruka meno, tak, tak, naye aliteremka bila kuambiwa, akapanda mlima kwa miguu, mimi nikimngojea juu nimetazama pembeni. Nilijifunza siku ile kwamba mtu anaweza kukukaribia sana na heshima yake yote ikabaki mahali pake. Ilikuwa imelihama gunia tu, ikahamia kwenye vile vidole viwili.

Tulifika Oli jua liko kichwani. Alishuka kabla sijasimama sawasawa, akanawa mikono kwenye ndoo ya jirani, akaingia. Nikamsikia mke wangu akilia kilio kingine kabisa, cha mtoto aliyeona mama. Kabla ya swala ya alasiri akawepo mtoto mwingine wa kulia, wa kike.

Baba mkwe alikuja siku chache baadaye kwa lori, amelipakata gunia. Yule mkulima hakuwa ameficha kitu. Mzee alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Nasikia gunia ilibaki njiani. Sasa kati yenu ilikuwa nini?"

Nikafungua mdomo. Sauti ya mama mkwe ikatoka chumba cha mzazi kabla yangu:

"Ilikuwa haraka!"

Mzee akafikiri, akaomba chai ya pili.

Wiki ile nilikwenda Oraba kwa lori. Nilichukua cheni mpya pamoja na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa sababu cheni mpya juu ya meno ya zamani huzeeka upesi kuliko ile uliyoitupa. Muuzaji alitaja bei na kukaa vizuri, tayari kwa mabishano. Nikaanza kutoa pesa. Akashtuka, akadhani pesa ni bandia, akazitazama kwenye jua.

"Hapana sema kitu? Mimi nakujua wewe!"

"Leo hapana. Iko mutu namurudisha kwake Kuluba na hii piki piki."

"Mutu gani?"

"Mama mkwe."

Akanitazama kwa huruma, akanirudishia noti moja.