Begi la Zambarau na Siku Nilipomwagia Mama Mkwe Mtindi

Jamani, haya ninayowasimulia nilikuwa nimekula yamini nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa Geita nzima imeshayasikia vibaya vibaya (kuna wanaosema nilianguka kisimani, kuna wanaosema niliiba maziwa), bora myasikie kwangu mwenyewe, na mkicheka mcheke kwa mpangilio.

Mimi ni muuza vitambaa pale Kalangalala, na mwaka juzi nikaingia kwenye kundi letu la baiskeli za milimani. Mwanzoni tulikuwa tunazunguka vilima vya karibu na kurudi mapema, chupa moja ya maji inakutosha, halafu siku moja kiongozi wetu Deo akatangaza safari ya kutwa, tutoke asubuhi turudi jua linazama, vijijini huko kwenye mchanga na makorongo, na kila mtu awe na begi la maji, lile la mgongoni lenye mfuko wa mpira ndani na mrija unaokuja mpaka mdomoni, unanyonya huku unapiga pedali.

Rehema, rafiki yangu na mpanda baiskeli hodari kuliko mimi, akanisindikiza dukani. Akanichagulia begi dogo la kijivu, akanifunga mkanda wa kifuani, akaniambia niiname, nichuchumae, niruke, na kweli lile begi likanikaa mgongoni kama mtoto aliyebebwa na mama mzoefu. Tatizo ni kwamba pembeni yake kulikuwa na begi la zambarau. Kubwa! Mifuko kila upande, mfuko wa maji unaoweza kuogesha mbuzi, na zambarau yenyewe inafanana kabisa na kofia yangu.

"Zuu, hilo kubwa kwako," Rehema akasema. "Usipolijaza litachezacheza, ukilijaza litakuvunja mgongo."

"Si tunakwenda kutwa nzima?" nikamjibu. "Kutwa inataka begi la kutwa."

Basi nikalinunua, na sikuruka nalo wala sikuinama nalo, nililitazama tu kwenye kioo. Nilipofika nyumbani nikatia maji nijaribu, yakawa na ladha ya ndala mpya. Nikatia limau, yakawa ndala yenye limau. Hapo ndipo akili yangu (ile ile iliyochagua zambarau) ikaniletea wazo: nina mtindi wa nyumbani, mzuri, haujaenguliwa hata tone la krimu, kwa nini nisiupekeche uwe mwepesi, nitie sukari, nimimine humo? Maji hayashibishi, mtindi ni chakula na kinywaji, wenzangu watasimama kutafuta mihogo na mimi nanyonya tu kama ndama. Nikaujaza ule mfuko nusu, maana nilikumbuka habari ya kuvunjika mgongo.

Asubuhi nikanyonya mara mbili tatu, tamu, nikamringia Rehema. Tukaingia njia ya mashimo, na nyuma yangu begi likaanza: kwachu, kwachu, kwachu. Nikipanda kilima, kwachu. Nikishuka kwenye mawe, kwachukwachukwachu. Deo akageuka akaniuliza kama nimebeba bata.

Jua lilipokaza nikanyonya, hakuna kitu. Nikanyonya kwa nguvu mpaka mashavu yakakutana ndani ya mdomo, hakuna. Mtu mwenye akili angesema, "Rehema, nigawie maji." Mimi, baada ya maringo yale? Nikawa najifanya namung'unya mrija na kuguna "mmh!" kama ninayeshiba, kumbe ulimi umekauka kama kipande cha mkaa, na hatimaye nikaona njia zimekuwa mbili, nikafuata ile isiyokuwepo, nikaingia na baiskeli katikati ya shamba la mihogo.

Waliniinua, Deo akasema twende kwenye mji ule pale tukaombe kivuli. Ulikuwa mji mkubwa wa Kisukuma, boma la familia moja, ng'ombe zizini, na uani akina mama wengi wameketi kwenye mikeka wanabangua karanga za mbegu. Wote wakaacha kubangua. Fikirini nilivyokuwa: taiti iliyobana, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, majani ya mihogo kwenye kofia. Nikapiga magoti kwa adabu zangu zote zilizobaki.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mayu," akajibu mama mwenye mji, akiniita mama kwa Kisukuma, na nilipoinua macho nusura nirudi kwenye mihogo. Sura ile naijua, ni ya mama mkwe! Naiona kila siku kwenye simu ya Masunga, mchumba wangu, anayefundisha sekondari mjini, ambaye mwezi uliofuata alikuwa anipeleke rasmi nikatambulishwe, nimevaa gauni refu na ushungi, na ambaye alikuwa amemwambia mama yake (mwenyewe alininukulia kwa fahari kabisa) kwamba amepata binti mtulivu, asiyependa kutokatoka.

Nikaapa moyoni sitataja jina. Nikae kivulini, ninywe maji, nipotee. Rehema akaja mbio na kikombe.

"Zuhura, kunywa taratibu!"

Mama akanikazia macho. "Zuhura? Zuhura yupi? Wa vitambaa?"

"Akina Zuhura tuko wengi, mama," nikasema, na hapo Deo, Mungu amsamehe, akadakia kwa furaha, "Ndiye huyo huyo mama, duka lake liko Kalangalala, kumbe unamfahamu!"

Mama akatazama taiti, akatazama kofia, kisha macho yakatua kwenye mrija unaoning'inia begani, na sura yake ikabadilika ikawa ya huruma.

"Mwanangu, unaumwa? Huu mpira wamekuwekea hospitali?"

"Hapana mama, ni wa kunywea, umeziba tu," nikasema, na kwa sababu nilitaka sana aache kunitazama, nikaona nimwonyeshe. Nikajaza pumzi kifuani nikapuliza. Hakuna. Nikapuliza tena kwa nguvu zote, begi likavimba mgongoni, nikakandamiza na mkono, na mrija ukachomoka kwenye kiungio chake cha begani. Nyie! Yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka, majimaji meupe yenye sukari, yakampata mama usoni, yakapita kwenye kilemba, yakamalizia kwenye karanga za mbegu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemmwagia mama mkwe mtindi hata kabla ya posa.

Mama akajipangusa taratibu na upande wa kanga. Akalamba kidole. Akakunja uso, akalamba tena. Halafu akamwita wifi yake aliyekuwa karibu, shangazi yake Masunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akamwambia afungue lile begi. Shangazi akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akautoa, na kiganjani ameshika donge la manjano, linang'aa.

"Siagi!" akapiga kelele. "Mwali amesuka maziwa mgongoni!"

Uani kukawa hakukaliki. Mwingine alilala chali juu ya maganda ya karanga, mwingine anaomba ashikwe mbavu, Rehema amekumbatia nguzo ya ghala analia machozi, na shangazi anazunguka na lile donge akiwaonjesha watu. Mimi bado niko magotini. Mama akachukua simu akampigia mwanawe, akaweka sauti kubwa.

"Masunga, mchumba wako yuko hapa, ameniletea siagi."

"Mchumba yupi?" akauliza Masunga. (Hilo swali tumelizungumza baadaye, kwa kirefu.)

"Zuhura."

"Mama, huyo si yeye. Zuhura ni mtu wa ndani, saa hizi yuko dukani."

Mama akacheka mpaka simu ikamponyoka, akaja akaniinua mwenyewe, akanifunga kitenge chake kiunoni, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu. Mimi kusuka kibuyu kimoja cha maziwa kitoe siagi, mkono unakufa ganzi. Wewe umekuja unakimbia nacho." Tukala ugali wa mtama na mlenda uliotiwa ile siagi, na naapa hamjawahi kula kitu kitamu vile.

Sasa mimi niliwasihi wote, Deo, Rehema, shangazi, isitoke hapo. Siku ya posa, wazee wamejaa sebuleni kwetu, baba yangu amevaa kanzu yake nzuri, msemaji wao akasimama (na aliyemfundisha maneno ni shangazi, sina shaka), akakohoa, akasema, "Tumekuja kumwomba yule binti wenu anayesuka maziwa kwa magurudumu."

Baba akamtazama. Akamtazama mama yangu. "Anasuka nini?"

Nikaitwa kutoka chumbani. Nikasimulia yote, kuanzia zambarau, nimejifunika ushungi mpaka puani, mbele ya koo mbili, na baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akicheka mbele ya wageni, akavua miwani akaiweka chini ili asiivunje.

Mahari ikakubaliwa siku hiyo hiyo. Nami nimeapa: nikienda dukani tena, begi nitalichagua kwa mgongo, si kwa macho, na ndani yake hakitaingia kitu kinachotoka kwa ng'ombe.