Vidole Vinne Chini ya Goti

Zuena alipokuwa na miaka tisa alifumua kola ya kanzu ya baba yake ili aone ndani kumewekwa nini. Alichapwa, lakini alikuwa ameshaona. Tabia hiyo haikumwacha. Sasa ni mama wa miaka hamsini na kidogo, ana cherehani mbili kwenye kibaraza cha duka pale Makuyuni, na ukimpelekea nguo ya kupunguza atakuuliza kwanza kaishona nani, na kwa nini mshono umekwenda upande. Wapo wateja wanaoona anawapotezea muda. Yeye hawezi kujizuia.

Kazi inayomweka mjini, kama asemavyo mwenyewe kwa utani, ni sare za shule. Mwaka mmoja alishona sketi kumi na mbili za wasichana wa sekondari ya kata. Fomu ya kujiunga na shule ilisema sketi iwe na marinda, iwe "vidole vinne chini ya goti." Zuena alipima kila msichana kwa vidole vyake mwenyewe, akaweka alama ya chaki, akashona.

Jumatatu moja asubuhi, saa ambayo watoto wote walipaswa kuwa darasani, Munira wa kidato cha pili alisimama mbele ya cherehani.

"Shikamoo mama. Nimerudishwa. Sketi fupi."

"Marahaba. Fupi? Si ulikuwa unaivaa wiki nzima iliyopita?"

"Ijumaa Mwalimu Salome alinikagua akanipitisha. Leo zamu ni ya Mwalimu Mathias, tumerudishwa saba. Na amenipa karatasi nikuletee."

Karatasi ilikuwa na maneno machache: "Mwambie fundi wako aache kula kitambaa."

Zuena aliisoma mara mbili. Miaka ishirini na sita ameshona, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi wa kitambaa. Ilimuuma. Lakini chini ya uchungu ule kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi: sketi ile haikuwa imefuliwa tangu Ijumaa. Ingewezaje kupita siku ile na kushindwa leo, juu ya magoti yale yale?

Alifunga duka, akamshika Munira mkono, wakaenda shuleni.

Mwalimu Mathias alikuwa kijana mpole kuliko barua yake. Alimwamkia Zuena, akavuta kiti. Zuena hakukaa.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka tu kuona unavyopima."

"Mimi siwashiki wasichana, mama. Kiranja wao ndiye anayepima, kwa hiki." Alifungua droo akatoa kijiti kilichochongwa vizuri, kimelainika kwa kushikwashikwa. "Hivi ndivyo vidole vinne."

Zuena alitoa futi shingoni mwake akakipima. Kilikuwa inchi nne na nusu. Akaomba Mwalimu Salome, aliyekuwa akipimia vidole vyake, aitwe, akampima vinne: inchi mbili na nusu, maana mama yule alikuwa mwembamba kila mahali. Vya Zuena mwenyewe vilikuwa inchi tatu kasoro. Mwalimu Mathias akaleta vyake bila kuombwa. Inchi tatu na robo.

"Hata wewe hukifikii kijiti chako," Zuena akasema. "Basi ni vidole vya nani hivi?"

Mwalimu Mathias alikigeuza kijiti mkononi. "Sijui, mama. Nilikikuta. Mwalimu Mdoe alistaafu, nikapewa ofisi yake pamoja na droo. Nikaambiwa kazi ya droo hii ni nidhamu, nikadhani ndicho kipimo cha sketi."

Mtu mwingine angeridhika hapo. Zuena alirudi nyumbani akashindwa hata kula. Alimjua Mwalimu Mdoe kwa sura. Alikuwa mtu mfupi, na hakukumbuka kama alikuwa na mikono mikubwa. Alhamisi, siku yake ya kwenda Mkata kununua vitambaa, aliazima kijiti kile akakitia kwenye mkoba.

Mzee Mdoe alikuwa nyuma ya nyumba yake, huko huko Mkata, akimenya mihogo. Baada ya salamu na habari za familia, Zuena alitoa kijiti. Macho ya mzee yaling'aa kama aliyeona rafiki.

"Mmekitoa wapi? Nilikitafuta sana."

"Shuleni, mwalimu. Wanakipimia sketi."

"Sketi gani?"

"Za wasichana. Chini ya goti."

Mzee Mdoe aliweka kisu chini. "Mwanangu, hicho ni cha bustani. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu, kweli, lakini pia mwalimu wa kilimo. Hicho ni umbali wa mche na mche wa kitunguu." Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza, "Wamerudishwa wangapi?"

"Saba."

"Miaka minne tangu niondoke," mzee akasema taratibu, akiwawaza waliorudishwa kabla ya hao. Aliomba karatasi, akaandika barua kwa mkuu wa shule kwa mwandiko wa ubaoni.

Mkuu wa shule, Mama Yasinta, aliisoma Ijumaa mbele ya walimu wawili na Zuena. Hakucheka. Aliuliza tu kama yupo aliyewahi kujiuliza kipimo kile kilitoka wapi. Mwalimu Salome alisema yeye aliona wasichana wengine wanarudishwa, akadhani macho yake ndiyo mabovu. Zuena akauliza na lile agizo la fomu kuhusu nywele "ziwe fupi", kwamba fupi ni kiasi gani. Mama Yasinta akasema hilo wataliitia kikao kingine, leo wamalize sketi.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mathias alisimama mstarini, akawaita wale saba kwa majina, akawaambia mbele ya shule nzima kwamba sketi zao hazikuwa na kosa na fundi wao hakuiba kitambaa. Munira ndiye aliyemletea Zuena habari hizo, akikimbia, hata kitambaa cha kichwani kimemlegea. Zuena aliendelea kukanyaga cherehani. Alitaka kujua Mwalimu alisema kwa sauti gani, na wale wasichana walisimama vipi, na kama kuna aliyecheka.

Fomu ya Januari ilitoka imeandikwa "inchi tatu", kwa tarakimu na kwa maneno. Kina mama walipoileta, Zuena aliisoma yote, mpaka kwenye kucha na viatu, kisha akawapima watoto wao kwa futi. Upindo alianza kuuacha mpana, wa kuteremshwa baadaye, kwa sababu Munira alikuwa amerefuka inchi mbili kabla mwaka haujaisha, na hilo hakuna mwalimu aliyeliandika popote.