Machweo ya Kahindi, Saa Sita Mchana

Kahindi wa Tarasaa hakuwa mpiga video za harusi, la hasha. Yeye alikuwa msanii. Ukimwita mpiga video anakununia mpaka harusi iishe. Sanaa yake yote ilikuwa vitu vitatu vya kufunga mbele ya kamera: kioo cha rangi ya chungwa cha kutengenezea machweo, kioo cha kutoa nyota kwenye taa, na cha tatu, heshima zake, soksi ndefu ya mkewe Kadii, ya kulainisha nyuso za mabibi harusi. Mafuriko ya El-Nino yakabeba mkoba mzima. Wenzake walililia mashamba. Kahindi akalilia soksi.

Kisha akaijua kompyuta ya Mwaro, fundi wa kuhariri video kule Malindi. Kumbe mashine ile inatandaza rangi juu ya picha iliyokwisha pigwa, unaikoleza au unaipunguza upendavyo, na ukungu unatia! Kahindi akarudi hashikiki. "Vioo ni vya washamba," akatangaza, yeye ambaye juzi tu alikuwa akivifuta kwa shati la sikukuu.

Kazi ya kwanza ikawa harusi ya Sabdio, binti wa mzee Jatani, mfugaji Mworma wa Minjila. Sabdio alitaka gauni lake jekundu lionekane. Mzee naye alikuwa na ombi moja: "Piga ng'ombe yangu vizuri." Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe pe, wa mwisho kubaki baada ya mafuriko na maradhi, na siku ile mzee alikuwa akimpa binti yake kama zawadi. Kahindi akapiga. Kwake ng'ombe ni ng'ombe. Akaenda Malindi akamwaga machweo mwanzo hadi mwisho, hata pale watu wanapokula chakula cha mchana. Kanda ya awali, isiyopakwa rangi, akarekodi juu yake harusi nyingine ya kule Chara. Kwani kanda zinaokotwa?

Kabla msanii hajamaliza kuremba, ng'ombe akafa. Mzee Jatani akatuma neno: leta kanda, nimwone.

Kahindi akaja na televisheni, deki na jenereta, uso umemchanua kwa kungoja sifa. Mzee akasogeza kigoda karibu kabisa. Sabdio, aliyekuja kumpa baba pole, akakaa nyuma yake. Ng'ombe akapita kwenye televisheni, mwekundu kama tofali.

"Hii ya nani?"

"Yako, mzee. Hayo ni machweo."

"Yangu nyeupe." Akamgeukia Kahindi. "Wewe naniletea ng'ombe ya mtu. Ile picha kabla kupaka, iko wapi?"

Msanii wetu, mwenye maneno ya kujaza gunia, akaangalia viatu vyake. Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Nimerekodi juu yake, mzee."

Jatani hakugomba. Alijifunika shuka usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Sabdio akainuka, akashika kitufe cha rangi cha televisheni, akakizungusha kupunguza rangi mpaka kikagoma. Machweo yote yakafutika, picha ikabaki nyeusi na nyeupe. Gauni lake jekundu likawa la kijivu, hina mikononi ikafifia. Na ng'ombe akapita, mweupe.

"Aba, mwangalie sasa."

Mzee akafunua uso. Akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni, akalia bila kujificha.

"Lakini hivyo rangi zote..." Kahindi akaanza.

"Nyamaza," Sabdio akasema. "Rudisha nyuma, apite tena."