Kuombea Kikombe Kitupu

Jumamosi nilienda kujaribu bahati yangu kwenye usaili wa tangazo la majani chai, katika ukumbi mmoja hapa mtaani kwetu West Indies. Kila mtu alipewa kikombe kitupu, anywe mbele ya kamera kana kwamba ni chai moto, kisha atabasamu.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyetoka Kaptagat. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kuomba. Mpiga kamera akavua kofia.

"Mama, tangazo ni sekunde kumi na tano," msimamizi akamwambia. "Na hiyo kikombe haina kitu."

"Najua. Nashukuru kwa ile chai itawekwa."

Akaombwa arudie bila maombi. Akainua kikombe, akakirudisha mezani.

"Hapana. Itaonekana naigiza."

Hakuchukuliwa. Alitusalimia wote kwa mkono, akaenda zake.

Nikapewa kikombe kilekile. Nyumbani mimi hunywa chai nimesimama, simu mkononi. Taa ya kamera ilipowaka, nikajikuta nimefumba macho.

Nami sikuchukuliwa. Ila tangu siku hiyo, chai yangu hupoa kidogo kabla sijainywa.