Dua kwa Wimbi la Mwanaasha

Mwanaasha binti Masika, mwalimu wa fizikia pale Chake Chake, hakuwa mtu wa kutulia. Hata akila, mguu ulimchezacheza. Mwaka ule baada ya uchaguzi, alipokuwa akiandika tasnifu ya shahada ya pili, ndiyo akazidi.

Data zake zilitoka ng'ambo, kwenye mtambo unaogonganisha viini vya atomi za madini ya risasi kwa kasi ya ajabu. Viini visipokutana uso kwa uso, vikapigana ubavuni, mahali pa mgongano huwa na umbo la lozi, na maelfu ya chembe hutoka humo. Ungedhani kila moja itashika njia yake. Wapi! Huenda pamoja kama maji, nyingi zaidi kwa pande mbili zinazokabiliana. Mtiririko huo ndio aliokuwa akiutafuta, na siku mchoro wake ulipoonesha wimbi lenye vilele viwili, alikimbilia nyumbani kwao Ole akipiga vigelegele.

Kosa lake ndilo hilo. Mama yake, Bi Bimkubwa, hakuwa mtu wa kulaza habari njema: akachinja mbuzi, akaalika watu kwenye dua ya shukrani. Wakakubali kuja hata majirani wa chama kile kingine, waliokuwa hawawapi salamu tangu kura zihesabiwe.

Asubuhi ya dua, wali uko motoni, Mwanaasha akafungua kompyuta ajifurahishe tena. Pete ya kupimia chembe kwenye mtambo ule ilikuwa na vipande viwili vibovu, vinavyotazamana, visivyohesabu kitu, naye alisahau kuvisahihisha. Mapengo hayo peke yake yangeweza kuchora wimbi lile. Akaanzisha hesabu mpya, ila ingekamilika kesho yake. Huenda wimbi lingebaki, huenda lisibaki kabisa.

Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Barazani watu wa vyama vyote viwili walishaanza kupishana mikekani.

"Una n'ni weye? Hutulii!" mama akamkemea.

"Mama, nilikosea. Pengine hakuna kitu. Watu wamekuja kushukuria uongo wangu."

Bi Bimkubwa akaweka mwiko chini. Alimtazama bintiye, akajitanda kanga, akaenda mlangoni.

"Shehe Nassor," akamwita kiongozi wa dua mbele ya wote, "nia imebadilika. Si dua ya shukrani tena. Mwanangu hajapata, bado atafuta. Tumwombeeni."

Aibu ilimchoma Mwanaasha, akatamani ardhi immeze. Kisha Mzee Soud, jirani wa chama kile kingine, akainua mikono kabla ya Shehe.

"Basi kaeni vyema," akasema. "Dua ya kuomba ndiyo ndefu."